Nafasi Moja ya Mkanda Mweusi

Bernardine na Rénovat hawakupikika chungu kimoja tangu siku ya kwanza, na usidhani kuna aliyejaribu kuwapatanisha. Klabu nzima ya judo pale Kimanga iliufurahia ugomvi wao. Waliochoka kuanguka walikaa pembeni wakangoja hao wawili waitwe katikati. Wakirushana, shangwe. Wakitukanana, shangwe zaidi.

Ukumbi wenyewe ni wa parokia, una paa la bati na joto la kumchemsha mtu ndani ya kimono chake, vazi zito la judo. Tatami za kweli, yaani mikeka ya kuangukia, hakuna. Kuna pumba za mpunga zinazoletwa kwa magunia kutoka Lubarika, zinamwagwa sakafuni, kisha juu yake linavutwa shitingi la plastiki mpaka linyooke. Pumba zisipogeuzwa kabla ya mazoezi huganda, na anayeangukia mahali palipoganda huona cha mtema kuni. Kuzigeuza ni kazi ya wenye mkanda wa kahawia, ulio chini ya mweusi, yaani hao hao wawili. Unadhani nani aligeuza? Bernardine peke yake, vumbi likimjaa puani, huku Rénovat amekaa juu ya pikipiki yake mlangoni, akipiga domo na abiria. Alikuwa mvivu, tena mvivu mwenye maringo.

Tuseme ukweli, Bernardine naye hakuwa malaika. Judo aliianza kwa hasira. Siku moja, akiuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni Mulongwe, mlevi alimshika kifua mchana kweupe, na wauzaji wenzake wakacheka. Yule mlevi, Bernardine alikwishamsahau. Kicheko cha wenzake hakikumtoka masikioni, na ndicho kilichompeleka kwa Pontien, mwalimu wa klabu. Alikwenda ajue kujitetea. Akabaki kwa sababu aligundua kwamba anaweza, na kwamba watu waliomdharau walikuwa wanaanguka kama wengine wote.

Sasa ligi ya Bukavu ilikuwa imeipa klabu nafasi moja tu ya mtihani wa mkanda mweusi. Katika klabu ile hakuna mwanamke aliyewahi kupelekwa. Bernardine aliitaka nafasi hiyo mpaka usingizi ukamruka. Rénovat naye aliitaka, na kila alipopita karibu yake alimwambia arudi kwa ndagala zake. Pontien, mtu mkavu asiyependa maneno mengi, akaamua wapigane Jumapili baada ya misa.

"Mwenye atashinda, njo atakwenda," akasema. "Kisha sitaki makelele."

Pambano halikuchukua muda. Rénovat aliingia kwa pupa, Bernardine akamkwepa, wakaanguka pamoja, na kabla vumbi halijatulia Bernardine alikuwa mgongoni kwake, ameshika ukosi wa kimono na kuuvuta shingoni. Katika judo kuna ahadi moja iliyo kubwa kuliko zote: ukikabwa, unampiga mwenzako kofi mara mbili, naye anakuachia papo hapo, bila kuuliza. Koo limefungwa, haliwezi kusema, kwa hiyo mkono unasema badala yake.

Bernardine alihisi makofi mawili ubavuni, upande ambao Pontien hakuuona. Akaachia. Mikono iliyozoea huachia kabla kichwa hakijaamua. Hapo hapo Rénovat akageuka, akainuka naye, akambwaga chali mpaka bati likalia.

"Ippon!" Pontien akanyanyua mkono. Ushindi kamili.

"Alipiga!" Bernardine akaruka juu, akamgeukia mwalimu. "Maître, alinipiga mara mbili, hapa!"

"Minye sikupiga," Rénovat akasema, akijifuta jasho kwa raha zake. "Weye ulichoka, mikono ikalegea. Usinipakazie."

Bernardine akamgeukia Chérie, mwenzake wa mazoezi, aliyekuwa amekaa upande ule ule. "Chérie, weye ulikuwa hapa. Sema."

Chérie, ambaye Rénovat humrudisha nyumbani kwa pikipiki kila jioni, akatazama vidole vya miguu yake.

"Sikuona muzuri, yaya," akasema, akimwita dada kama kawaida yake.

Sasa, kuna jambo. Pambano haliishi mpaka wote wawili wameinama kusalimiana, na kwa Pontien pambano lisilofungwa ni uchafu. Rénovat akainama haraka haraka. Bernardine akasimama wima kama nguzo.

"Inama," Pontien akamwambia.

"Siinami."

Watu wakaanza kuzomea. Donatien, mwenye mkanda wa bluu, akapaza sauti kwamba wanawake hawajui kushindwa, wenzake wakamwitikia kwa kicheko. Kicheko kile kile cha sokoni. Bernardine alisikia damu ikimpanda kichwani, akawachukia wote, mmoja mmoja, kwa majina.

Pontien akangoja. Akaona huyu hatainama hata kukiwa usiku. "Basi murudilie," akasema kwa uchovu. "Ya mwisho. Munanichokesha, nyinyi wawili."

Safari hii Bernardine hakuwa na papara. Alimwacha Rénovat avute, asukume, ajidai. Rénovat alipochoka, akamfagia mguu, akamfuata chini, akaukamata ukosi ule ule. Akakaba. Rénovat akampiga mkononi mara mbili, wazi, mbele ya kila mtu. Bernardine alisikia. Hakuachia. Rénovat akapiga tena, akapiga shitingi, akapiga hewa. Ukumbi ukanyamaza. Pontien akapiga kelele waache, mara akaja mbio, lakini Rénovat alikuwa tayari amelegea kama nguo iliyoloa. Hapo ndipo Bernardine alipofungua mikono. Na tusimtetee: alijua anachofanya, na alifurahi.

Pontien akamwinua Rénovat miguu, akampigapiga mashavu. Rénovat akafumbua macho, akauliza yuko wapi. Kisha akaona suruali yake nyeupe imelowa mkojo. Mtu mmoja akacheka kidogo, akajizuia. Rénovat akajikokota akakaa, akamkazia Bernardine macho.

"Ile ya kwanza nilipigaka," akasema, sauti imekwaruza. "Njo vile. Minye niko muongo. Sasa muangalie weye uko nani. Bantu bote bameona."

Kweli, watu wote walikuwa wameona. Ila hakuungama kwa toba hata kidogo. Alimrushia maneno yale kama jiwe, na yalimpata.

"Kama alipigaka, ile ya kwanza ilikuwa ya Bernardine," Pontien akasema. "Nafasi iko yake. Sasa achague mwenye ataenda naye."

Mtihani wa mkanda mweusi huufanyi peke yako. Mbele ya waamuzi unaonyesha mitupo, na lazima uwe na mwenzako anayekupa mwili wake umrushe. Yeye akianguka vizuri, unang'aa. Akigoma kidogo tu, akichelewesha mguu, umekwisha, na hakuna mwamuzi atakayejua kosa ni la nani.

Bernardine akautazama mstari wa wenzake waliokaa pembeni. Hakuna aliyepiga makofi. Donatien akajifanya anafunga mkanda. Wengine wakatazama dirishani.

"Chérie."

"Hapana, yaya. Unisamehe." Chérie akasogea nyuma. "Kama nikipiga, utaniachia?"

"Weye njo ulikaa kimya!"

"Ndiyo, nilikaa kimya. Na weye haukuachia."

Hasira ya Bernardine ilikuwepo bado, nzima, lakini haikuwa na mahali pa kwenda. Alikuwa ameshinda, alikuwa na haki, na katika ukumbi mzima hakuna aliyetaka kuguswa na mikono yake. Akamtazama Pontien. Pontien naye akatikisa kichwa kukataa.

"Minye nitaenda," sauti ikasema kutoka chini.

Ni Rénovat. Alikuwa bado amekaa kwenye shitingi, suruali imemganda mapajani, mkono ameunyoosha juu. Alikuwa anatabasamu.

"Utaanguka?" Bernardine akamwuliza.

"Tutaona kulekule Bukavu."

Watu wakaangaliana, na kila mmoja alielewa. Bernardine naye alielewa. Akautazama mstari tena, polepole, uso kwa uso, akimngoja mwingine yeyote anyanyue mkono. Hakutokea mtu.

"Haya," akamwambia. "Twende."