Doa Pembeni ya Ulimi

Watu wa mtaa ule walimwita Daktari Bubu. Jina hilo alilijua, wala halikumsumbua. Alikuwa daktari wa meno, mwenye kliniki ya vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameng'oa na kuziba meno ya nusu ya watu waliopita barabara ile. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Wagonjwa walitaniana benchini kwamba ukikaa kwenye kiti chake, jino linatoka kabla hujakumbuka ni lipi lililokuwa linauma. Lakini haohao waliotania walikuwa wakiomba kimoyomoyo wasiulizwe kitu, maana daktari akifungua kinywa chake yeye, basi ujue ni kukugombeza.

Kazi hii hakuichagua. Ujanani alitaka kuwa daktari wa upasuaji, wa kufungua vifua vya watu na kugusa mioyo inayodunda. Alama zake zilipungua kidogo tu, akapangiwa meno, na donge hilo likamkaa kooni. Kila mwaka alijiambia kwamba ataomba nafasi ya kurudi kusoma, na kila mwaka ulipita. Kwa kuwa kazi hakuipenda, aliamua angalau aifanye upesi. Jioni mkewe alipomwuliza siku ilikwendaje, alijibu neno moja tu: "Meno." Mwishowe mkewe akaacha kuuliza.

Maneno yote ya kliniki ile yalikuwa ya Shangazi. Huyu alikuwa muuguzi wake, mama mnene wa makamo asiyejua haraka ni kitu gani, na kila mtu alimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Alishika mikono ya waoga. Alijua nani amejifungua na nani kahama nyumba. Mgonjwa akisita kukaa kwenye kiti, Shangazi alimsimulia jinsi yeye mwenyewe alivyong'olewa jino na daktari huyuhuyu, akalia mpaka miwani ikajaa maji, na bado mume wake akamtambua aliporudi nyumbani. Daktari aliziona hizo ni porojo za kumpotezea muda. Mara nyingi aligonga trei ya vyuma kwa kioo chake kidogo cha kukagulia meno, ishara kwamba imetosha.

Asubuhi moja alikuja mama mshonaji. Alikuwa na duka la kushona sare za shule barabara ya pili kutoka pale, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, si msemaji sana, na siku ile alivaa gauni lililopigwa pasi kama la mtu anayekwenda kuhojiwa kazi. Tangu azaliwe hakuwahi kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno.

Daktari alikuwa amechelewa. Benchi lilijaa, na mlango wa chumba cha matibabu ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Alikilaza kiti, akawasha taa, akamwambia afungue. Yule mama hakufungua mara moja. Alianza kueleza kwamba kuna jino lililovunjika, linamkwaruza, na tena hapa pembeni ya ulimi pana kitu kama . . .

"Fungua, nitaona mwenyewe," daktari akamkata kauli.

Akafungua. Daktari aliona ugaga uliogandamana kwenye meno miaka na miaka, na fizi nyekundu zinazovuja damu zikiguswa. Harufu ilipenya hadi ndani ya barakoa. Alirudi nyuma kidogo, akasema kwa sauti yake ya siku zote, ambayo ilikuwa kubwa:

"Mama mtu mzima, mdomo unanuka hivi na bado unaongea na watu? Hujui mswaki ni nini?"

Benchini mtu mmoja alicheka, kisha akajizuia. Mama mshonaji akafunga mdomo. Shangazi alimwekea mkono begani, akataka kusema neno, lakini yule mama alikwisha kujiinua. Alivua kitambaa cha kifuani mwenyewe, akakikunja mara mbili kwa unadhifu wa mtu aliyezoea nguo, akakiweka juu ya trei, akatoka. Alipita mbele ya benchi ameziba mdomo kwa kiganja.

Shangazi alimfuata hadi ngazini, asimpate. Aliporudi alifunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila kuambiwa.

"Daktari, umemkosea yule mama."

"Nimemwambia ukweli."

"Ukweli huo ungemwambia mlango ukiwa umefungwa. Na ungemwacha kwanza amalize alichokuwa anasema."

Daktari akamwambia aite mgonjwa mwingine. Kwenye kadi ya mama mshonaji aliandika maneno manne: usafi wa kinywa duni. Akaitia kadi drooni na akamsahau kabla ya saa sita.

Ulipita mwaka mmoja na nusu. Shangazi alikuwa na harusi ya mpwa wake, akaenda kushonewa gauni kwa mama yule. Alimkuta amekonda zaidi, na kila alipotaka kusema aliinua kipande cha kitambaa mbele ya mdomo. Maneno yake yalitoka mazito, kama ya mtu mwenye chakula cha moto kinywani. Shangazi hakumwuliza lolote. Alikaa kwenye kigoda kando ya meza ya kukatia, wakaongea habari za mikono ya gauni na kola kwa nusu saa nzima, na hapo ndipo alipomwuliza taratibu ni wapi panapouma. Mama mshonaji akalia.

Alimweleza kwamba tangu siku ile alipiga mswaki mara nne kwa siku. Alisukutua kwa maji ya chumvi, alinunua dawa ya kusukutua dukani, alisugua mpaka damu ikatoka, akiamini kwamba ni uchafu ule aliosemwa nao ndio unaomla ulimi. Kwa daktari mwingine hakwenda, maana aliona kila daktari wa meno atasema yaleyale. Shangazi alimwomba, akamwahidi kwamba safari hii mlango ataushika yeye kwa mkono wake. Ilimchukua siku tatu kumkubalisha.

Wakaja Jumamosi mchana, kliniki ikiwa imekwisha kufungwa kwa watu wengine. Daktari hakumtambua. Alipowasha taa aliona meno safi kabisa, meupe kuliko ya wagonjwa wake wengi, na akataka kumsifu. Ndipo alipoona kidonda pembeni ya ulimi, mkabala na jino lililovunjika. Kingo zake zilikuwa zimeinuka. Alikigusa kwa kidole chenye glavu, akakuta ni kigumu. Akapapasa shingo, akakuta tezi mbili zimevimba. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alivuta kiti cha Shangazi, akaketi, akauliza kilianza lini.

Mama mshonaji alijibu polepole ili aeleweke.

"Siku ile nilikuja nikuonyeshe. Lilikuwa doa jeupe tu, dogo. Ukaniambia utaona mwenyewe."

Hakulisema kwa hasira. Daktari angefurahi kama angelisema kwa hasira. Shangazi alikuwa ameshika kitasa cha mlango kama alivyoahidi, akitazama sakafu.

Siku ileile daktari aliandika barua ya rufaa na kumpigia simu mwenzake wa chuoni, ambaye ndiye aliyeipata ile nafasi ya kusomea upasuaji aliyokuwa akiitaka yeye. Kipande cha nyama kilipimwa na jibu likawa lile alilolijua: saratani. Walimfanyia mama mshonaji upasuaji, wakamwondolea zaidi ya nusu ya ulimi na tezi za shingo, kisha akaanza kuchomwa mionzi. Yule mpasuaji alimpigia simu daktari kumpa taarifa. Katika mazungumzo alisikitika, kama madaktari wanavyosikitika wao kwa wao, kwamba laiti mtu angeliona doa lile mapema, lingekatwa asubuhi na jioni mama akalala kwake. Alisema hivyo bila kujua anamwambia nani. Daktari alimshukuru, akakata simu, akabaki amekaa mpaka Shangazi alipokuja kumwuliza kama anaumwa.

Akaenda wodini. Njiani alipanga maneno, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kupanga maneno ya kumwambia mgonjwa. Alimkuta mama mshonaji ameegemea mto, shingo imefungwa bendeji, hawezi kusema. Mapajani alikuwa na daftari lake la vipimo vya wateja na kalamu ya risasi. Daktari alimwambia amekuja kuomba radhi, kwamba kosa ni lake na halina udhuru. Alisema mengi zaidi ya hayo, mpaka akajikuta anarudia. Mama mshonaji alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaandika, akamgeuzia daftari.

"Unataka nikusaidie nini?"

Daktari alisoma, akasoma tena. Mama akalichukua daftari, akaandika tena chini yake kwamba amechoka, aje siku nyingine.

Alikuja siku nyingine, na nyingine. Mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mionzi ilikuwa imemkausha kinywa na kukijaza vidonda. Daktari akaomba ruhusa ya kwenda kumsafisha. Mama alimkubalia kwa kuinamisha kichwa. Kila Alhamisi mchana alipanda ngazi za nyumba ile na mfuko wake, akakaa kando ya kitanda, akamlowesha midomo, akamsafisha jino moja moja kwa sponji laini na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Kazi ambayo kliniki angeimaliza kwa dakika tano, pale aliifanya kwa saa nzima, na kila baada ya muda alisimama kumwuliza kama aendelee. Habari ya siku ile hawakuirudia tena. Alhamisi moja mama mshonaji aliandika kwamba kola ya koti la daktari imeshonwa vibaya, na kwamba aliyeishona alikuwa na haraka. Daktari alicheka, kisha akaona aibu kucheka.

Kliniki nako mambo yalibadilika. Mlango sasa ulifungwa bila kujali joto. Daktari alitafuta kigoda kifupi, akawa anaketi uso wake ukiwa chini ya uso wa mgonjwa, na akiuliza swali alihesabu moyoni hadi kumi kabla ya kuongeza neno. Mwanzoni alikuwa kichekesho. Alimwuliza mzee mmoja hali ya watoto, mzee akamjibu kwamba hajaoa. Shangazi akatoka nje akiwa ameziba mdomo kwa taulo. Lakini alishikilia. Polepole watu wakaanza kumweleza mambo. Dereva mmoja alimwambia kwamba anasaga meno usingizini tangu apate ajali. Binti mmoja alimweleza kwa nini hacheki mbele za watu. Daktari aliwasikiliza, akawatibu, akawasindikiza hadi mlangoni, na siku moja akashtuka kwamba anaipenda kazi yake.

Furaha ile ilimchoma. Jioni ile mkewe alimkuta ameketi jikoni na viatu miguuni, na bila kuulizwa akamsimulia habari za yule dereva tangu mwanzo hadi mwisho. Mkewe aliacha alichokuwa akifanya, akasikiliza. Daktari alipomaliza alisema, "Zaidi ya miaka ishirini na sita, mke wangu. Walikuwa wanakuja na haya yote, na mimi nawaambia wafungue mdomo tu." Mkewe hakumwambia kwamba si kitu. Alivuta kiti, akakaa naye.

Ugonjwa ulirudi kupitia shingoni. Mama mshonaji alifariki mwaka uliofuata, Jumatatu asubuhi, na daktari alikwenda kumzika, akasimama nyuma ya watu.

Miezi miwili baadaye binti wa marehemu alikuja kliniki. Alikuwa akifanya kazi mji mwingine, na wakati wa ugonjwa alikuwa akija na kuondoka. Hakuwa na jino bovu. Alikaa mbele ya daktari, akamwambia amekuja kumshukuru kwa niaba ya familia, kwamba bila yeye kuuona ule ugonjwa na kuwakimbiza hospitali, mama yao asingepata hata ule muda alioupata. Na zile Alhamisi, akasema, wao kama watoto hawatazisahau.

Daktari alimsikiliza hadi mwisho. Angeweza kuitika na kumpa mkono. Shangazi, aliyekuwa akipanga vyuma kwenye trei, aliacha kupanga.

"Mwanangu, kaa kidogo," daktari akasema. "Kuna jambo hulijui."

Akamweleza yote: benchi, mlango uliokuwa wazi, maneno aliyoyasema neno kwa neno, na doa ambalo hakulitazama. Hakujitetea kwa joto wala kwa foleni. Yule binti alikuwa ameshika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili.

"Mama alijua haya?"

"Alijua. Ndiye aliyenikumbusha."

"Na akakuacha uingie nyumbani kila Alhamisi."

"Aliniacha."

Binti alirudisha mkoba begani. Chini, dukani, mtu alikuwa akikata bati.

"Mimi nisingekuacha," akasema.

Akainuka, akamuaga Shangazi kwa heshima, akashuka ngazi. Daktari hakumfuata. Benchini watu walikuwa wameanza kukohoa na kutazama saa, na Shangazi akamwuliza kwa sauti ya chini kama amwite anayefuata. Daktari aliomba dakika tano. Tangu kliniki ile ifunguliwe hakuwahi kuomba hata moja. Shangazi akaenda kuwaambia watu wavumilie kidogo, kisha akarudi, akafunga mlango, akaketi kando yake kwenye kile kigoda kifupi.