Shokapu za Mama

Mama alikuwa mkunga, na miaka yote ya kazi alipokwenda kuzalisha watu alipanda pikipiki ya Kiingereza iliyoundwa kabla mimi sijazaliwa. Tangi lake ni jeusi lenye mistari ya dhahabu, na mlio wake tulikuwa tukiusikia kwa mbali tunabandika chai. Mwaka jana alifunga breki kwenye tuta lililo mbele ya nyumba yetu. Pua ya pikipiki ikazama, shokapu za mbele zikagonga chini kwa kishindo, zikarudi juu kwa nguvu, Mama akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Mkono umepona. Lakini tangu siku hiyo, akilifikia lile tuta hushuka na kuikokota.

"Mimi si mtu wa kukokota pikipiki," alisema mwishowe. "Kama haiendeshiki, aichukue anayeitaka."

Anayeitaka alikuwapo: mwenye mgahawa mmoja, aliyetaka kuisimamisha mlangoni ili wateja wapige nayo picha. Angekuja Jumamosi. Mama alilisema hilo kwa sauti kavu, huku anafuta tangi ambalo halikuwa na vumbi. Iliniuma.

Ndipo mke wa kaka alipoomba kuzifungua zile shokapu.

Naomba nieleweke. Kaka yangu alioa fundi wa kukereza vyuma, mwanamke anayerudi nyumbani na chembe za chuma kwenye nyusi, na mimi sikumpenda. Hakunikosea neno. Alinichukulia kaka yangu, basi, na hilo lilinitosha. Yeye aliniita wifi tangu siku ya kwanza; mimi nilimwita mke wa kaka, maana neno lenyewe lilinikwama kooni.

"Hakuna kugusa kitu," nikamwambia. "Ya kale ni dhahabu."

"Dhahabu nayo husafishwa, wifi."

Mama akaangua kicheko, nami nikajua nimeshindwa.

Jumamosi asubuhi mke wa kaka alitandika shuka kuukuu uani, akazishusha zile shokapu. Kumbe kila shokapu ni bomba lenye springi na oili. Springi hubeba uzito, na oili ikijipenyeza kwenye tundu la pistoni, kizibo kinachopanda na kushuka ndani ya bomba, huizuia isirukeruke. Tundu la zamani lilikuwa moja, pana, na oili ilipita humo kama wanafunzi kengele ikilia. Yeye alikuwa amekereza pistoni mbili mpya zenye matundu madogo, yaliyofunikwa na visahani vyembamba vinavyopinda kidogo kidogo. Vyote vilizama ndani. Kwa nje hakubadilisha chochote. Hata ule mkwaruzo ambao Mama aliupata kwenye ukuta wa zahanati aliuacha, na mimi nilikuwa namvizia aupake rangi nipate la kusema. Vipande vya zamani akavifunga kwenye kitambaa, akanipa.

"Vitunze wewe, wifi. Siku ukivitaka, nitavirudisha."

Nikavipokea. Hasira yangu ikakosa pa kushika.

"Sasa panda uijaribu. Wewe na Mama uzito mmoja."

"Unaniita mnene?"

"Nakuita mtoto wa mama yako."

Akafunga uzi wa cherehani kwenye bomba, ili shokapu ikizama iusukume na uzi ubaki palepale ilipofikia. Nikaenda hadi kwenye tuta. Meno yaligongana! Pua ilikuwa ngumu kama ubao, nami, Mungu anisamehe, nikafurahi.

"Mbaya," nikamwambia. "Mbaya sana."

"Ahsante. Hicho ndicho nilichotaka kujua."

Akamwaga oili, akatia nyepesi. Nikaenda tena. Akapunguza kisahani kimoja. Nikaenda tena. Alifungua na kufunga bila kuguna, anapiga magoti kusoma uzi, na kila mara kabla ya kugusa tangi la Mama anafuta mikono kwanza. Hakuna aliyemwambia afute. Mimi mwenyewe, mtoto wa kuzaliwa, nimelishika mara ngapi na mikono ya mafuta? Nilimtazama nikaona haya, kisha nikaona raha, kama mtu anavyoona raha mbele ya kazi inayofanywa sawasawa.

Mara ya mwisho nilifunga breki kwa nguvu zote, kama alivyofunga Mama. Pua ikazama taratibu, ikatulia, ikapanda tuta na kushuka. Mikono haikusikia kitu. Nikageuza nikapita tena, na hakuna aliyenituma.

Mama akatoka na kofia yake. Alipolikaribia tuta nikaona mguu unataka kushuka. Ukasita. Ukabaki juu. Akapita! Akaenda hadi mwisho wa mtaa, akarudi, akapita tena, anacheka peke yake.

Mwenye mgahawa alikuwa ameshafika, amesimama kando yangu na gari la kubebea mzigo.

"Mbona hasimami?"

"Subiri," nikamwambia.

Mama akapita mara ya tatu, akampungia mkono uleule uliovunjika, akaenda zake. Mzee wa watu akaelewa. Akashusha pumzi, kisha akauliza fundi ni nani, maana naye ana pikipiki yake mbovu nyumbani.

Mke wa kaka alikuwa nyuma yetu, ameinamisha kichwa, anafuta mikono. Alishazoea mimi nikimjibu vibaya.

"Huyo hapo," nikasema. "Mwombe mwenyewe, na umwombe kwa adabu. Ni wifi yangu."