Bomu Lililomfuata Iwakichi

Jumanne moja ya Aprili, mwaka wa kwanza baada ya kushindwa vita, Tomeyo Hamasaki alikuwa jikoni akikata figili mumewe aliporudi kazini na bomu nyuma yake. Lilikuwa bomu la baharini, refu kama mapipa mawili, limeota kome ubavuni. Lilikuwa limepanda ngazi mia na kumi na mbili kutoka gatini, likatulia mlangoni, pale wanapovulia viatu.

"Limekufuata wewe?" aliuliza Tomeyo.

"Tangu baharini. Nilidhani litachoka njiani."

"Haya, vua viatu. Usiliguse."

Jeshi la majini lilikuwa limevunjwa, lakini ofisi yake ilibaki pale bandarini Moji chini ya Wamarekani, watu wale wale kwenye meza zile zile. Iwakichi alishika usukani wa meli kuukuu iliyopitishwa juu ya mabomu ya mlango-bahari, ili ijulikane kama njia ni salama. Mabomu yale huhesabu. Huziacha meli saba zipite, ya nane huilipua. Kwa hiyo meli ilipita mara nane, mabaharia wakisimama juu ya magodoro, vichwa vimefungwa pamba. Siku hiyo walikuwa wamepita mara tano mafuta yakaisha.

Fujie, jirani, mke wa Sadao, fundi mitambo wa meli hiyo, alikuja kuomba chumvi. Alipovuka kizingiti, bomu likalia: tik.

"Sita," alisema Iwakichi. "Fujie, kutoka utatokea dirishani."

Fujie akapandisha nguo, akatoka na chumvi yake. "Nimwambie Sadao alete spana?"

"Asilete kitu. Na mwenyewe asije."

Mama yake Iwakichi, bibi Oshige, alirudi jioni na mfuko wa mgao. Wakampigia kelele asiingie.

"Nimesimama foleni tangu alfajiri, na kwangu pia nisimame?"

Wakamvuta kupitia dirishani, akiwalaani Wamarekani kwanza, kisha mwanawe.

Asubuhi alikuja Kuwabara kutoka ofisini. Alikuwa luteni, sasa alivaa koti lile lile, vyeo vimebanduliwa, alama za uzi zimebaki. Watu wa ofisi hawana desturi ya kupiga hodi. Tik.

"Saba, afande," alisema Iwakichi.

Kuwabara alibaki na mguu mmoja juu. Akaushusha polepole, akafungua orodha yake.

"Siku hizi hakuna afande. Hili limo kwenye orodha yetu. Lirudi majini."

"Lakini limeshatoka," alisema Iwakichi. "Njia ni safi. Andika limeondolewa."

"Kanuni inasema kulipuliwa au kukatwa kwa waya. Kupanda ngazi haimo. Jumatatu inaingia meli ya mchele, na Wamarekani wanataka kusikia mshindo."

"Mshindo chini ya nani?" aliuliza Tomeyo.

Kuwabara alikunja karatasi. "Mama, tulishindwa vita."

"Sisi tulishindwa. Wewe mbona bado una meza?" alisema Oshige.

Kuwabara alitia orodha mfukoni. Alitokea dirishani kama wengine.

Adhuhuri wanaume sita walilifunga bomu kamba, wakaliteremsha ngazi moja moja. Halikufanya ukaidi. Tomeyo alisimama juu akitazama mgongo wa mumewe hadi ukapotea nyuma ya maghala. Walilizamisha palepale penye alama kwenye ramani.

Alhamisi meli ilipita juu yake. Watu wote walikuwa sitahani isipokuwa Sadao: mtambo ulikuwa umekohoa, akashuka kuutazama. Maji yalisimama wima kama mnara. Iwakichi aliokotwa akiwa hasikii kwa sikio la kushoto. Sadao hakuonekana.

Magazeti hayakuandika, kwa kuwa mambo hayo yalikatazwa. Kuwabara alimpelekea Fujie karatasi yenye neno "ajali", akamwomba asizungumze gatini.

"Nizungumzie wapi basi?" aliuliza Fujie. Kuwabara hakuwa na agizo juu ya hilo.

Meli ya mchele iliingia Jumatatu kwa wakati. Wiki hiyo mabomu mengine matatu yalipanda mjini, moja likakutwa kwenye bafu la kulipia, wateja wakiendelea kuoga. Ofisi ilibandika tangazo: atakayekuta bomu nyumbani aripoti kabla ya saa mbili asubuhi, ili lirudishwe kabla meli hazijaondoka.

Iwakichi alilisoma mpaka mwisho, akageuza kichwa ili sikio zima lisikie aliyekuwa akimwita. Alikuwa Kuwabara, amesimama kando ya meli nyingine. Mtambo wake ulikuwa tayari unanguruma.