Meno Sita ya Chini

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 14 Juni 1994, Lornah, muuza samaki kutoka ufuo wa Dunga, aliketi kwenye kiti cha kliniki ya meno akiwa na kadi nyekundu mkononi. Nyekundu ilimaanisha kung'oa meno yote yaliyobaki. Mapajani alikuwa na samaki waliokaushwa kwa moshi, wamefungwa gazetini.

"Hawa ni wa Walter," alisema. "Mwana wa rafiki yangu ni mwanangu, na mtu haendi kwa mwanawe mikono mitupu."

Beldina, fundi wa maabara, alifungua faili. Yeye ndiye aliyepima majimaji ya ufizi wa Lornah akitafuta saitokini, protini ambazo seli hutumia kuitana dhidi ya bakteria. Zikiitana kupita kiasi, mwili wenyewe huanza kuula mfupa unaoshikilia jino. Za Lornah zilikuwa chache. Ufizi ulihitaji kusafishwa tu. Lakini Daktari Walter, msimamizi wa utafiti wa ugonjwa wa ufizi, alikuwa ameandika: meno sita yamepotea kwa ugonjwa. Kwa sababu hiyo akatoa kadi nyekundu.

"Mama, haya sita ya chini yaliuguaje?"

Lornah alicheka, pengo likaonekana lote. "Yaugue nini, nyathina, mwanangu? Yalitolewa kwa mila, nikiwa msichana. Mimi na mama yake Walter, siku moja, kijijini kule Katito. Yeye alilia, mimi sikulia. Muulize."

Beldina alivuka ukumbi hadi ofisini kwa Walter.

"Daktari, ulijua."

Walter hakuinua kichwa. "Fomu haina nafasi ya mila. Bila hayo sita, grafu ya meno yaliyopotea haipandi."

"Kwa hiyo ang'olewe?"

"Atapewa ya bandia, bure. Atanishukuru."

Walter ndiye aliyemfundisha Beldina kupima kila sampuli mara tatu. Kwa miaka minne alikuwa akitia sahihi chini ya jina la Walter, na neno lake hakuwahi kulipima hata mara moja.

Alirudi kwa Lornah, akaifuta sentensi ile ya Walter kwa mstari mmoja, akaandika: mila, si ugonjwa. Akatia sahihi. Kadi nyekundu akaichana.

"Walter amesemaje?" Lornah aliuliza.

"Amesema fomu haina nafasi ya mila. Aliandika kuwa yaliugua, na alijua, Mama."

Lornah aliwafunga upya samaki gazetini.

Saa tatu kasoro dakika tano aliondoka na meno yake ishirini na sita. Alipita mlango wa Walter bila kusimama, samaki wakiwa kwapani.