Jiwe la Tatu la Hddou

Hddou alinipigia simu saa sita na robo mchana, siku ya Jumanne, kuniambia kwamba ameokota mawe matatu. Walipomleta nyumbani baada ya alasiri, amelazwa nyuma ya pikapu na kufunikwa joho la burnusi la mtu mwingine, mfukoni mwake mlikuwa na mawe mawili.

Nilihesabu kabla sijalia. Wifi yangu Tuda hajanisamehe mpaka leo.

"Ndugu yangu amekufa, na wewe unahesabu kokoto!"

"Alisema matatu."

"Alisema mengi, maskini. Mwaka jana alisema ameokota kipande cha mwezi."

Hilo ni kweli, alisema.

Mume wangu alikuwa mtu wa posta. Kwa miaka thelathini na mmoja aligonga muhuri juu ya barua za watu wa Alnif, mji wetu huku kusini mwa Moroko, na alipostaafu daktari wa sukari alimwambia atembee saa moja kila siku. Wanaume wengine wakiambiwa hivyo huenda msikitini na kurudi kwa njia ndefu. Hddou alikwenda kununua kofia pana, kioo cha kukuzia na pikipiki kuukuu. Kisha akatoa sumaku kwenye kipaza sauti kilichoungua, akaifunga kwenye ncha ya fimbo, akatangaza kwamba atatafuta mawe yaliyoanguka kutoka mbinguni.

Katika mji wetu kutangaza hivyo ni kama kumwambia mvuvi kwamba umegundua samaki. Huku kwetu kuna wafugaji ambao huliona jiwe la mbinguni wakiwa juu ya ngamia, wakila tende, wakigombana na mashemeji zao. Hawana kioo wala fimbo. Wamezaliwa wakitazama chini. Hddou alizaliwa akitazama anwani.

Mtu fulani alimwambia atafute jiwe jeusi. Akaenda hamada, kwenye ile nyika ya mawe, ambako jua limeyachoma yote mpaka yamekuwa meusi, kutoka barabarani hadi mpakani. Mwezi wa kwanza alileta magunia mawili. Aliyaosha kwenye chungu changu cha kuskusi, akayasugua kwa dawa ya kufulia, akayapiga tupa hadi kucha zikawa kama za fundi chuma. Aliyalamba pia. Nilimkuta uani amefumba macho, ulimi uko juu ya jiwe, kama mtoto mwenye peremende.

"Lina ladha gani?" nikamuuliza.

"La mbinguni halina ladha ya udongo."

"Na hilo?"

"Hili lina ladha ya sabuni."

Aliyapanga kwenye kabati la vishimo alilopewa posta ilipokarabatiwa, lile la kugawia barua. Kwa hiyo sebuleni kwangu kulikuwa na kokoto zilizokaa chini ya Fez, Oujda, Marrakech na Nje ya Nchi.

Kila Alhamisi, siku ya soko, alichagua moja, akalitia kwenye bahasha na kulipeleka kwa Ichou. Ichou walikua naye mtaa mmoja, wakatahiriwa mwaka mmoja. Yeye ni mfanyabiashara wa mawe, mkubwa wao hapa, na ana kioo ambacho Mjerumani mmoja alimwachia. Hakukitoa hata siku moja kwa ajili ya Hddou. Alilipokea jiwe, akalipimapima kiganjani huku akiendelea kuongea na wengine, kisha akalirudisha.

"Mavi ya chuma, Bwana Posta."

"Litazame kwanza."

"Nimelitazama kwa vidole."

Mkahawa mzima ukacheka. Nakiri kwamba nami, aliponisimulia, nilicheka. Yeye hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akivua viatu.

"Mimi sitaki utajiri, Itto. Nataka aweke kioo jichoni, alitazame jiwe langu, kisha aseme hapana. Hapana ya kiganjani si hapana."

Miaka minne alisubiri hapana hiyo.

Na Jumanne ile, kwenye simu, sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia kukimbia.

"Mawili ni ya kawaida," alisema.

"Na la tatu?"

"La tatu sisemi kwenye simu."

"Nani atakusikiliza huko, Hddou? Mbuzi?"

"Ni zito, mwanamke. Linavuta sumaku hadi fimbo inanitoka mkononi. Leo Ichou atatafuta pa kukaa. Weka chai, nakuja."

Niliweka chai.

Aliyemkuta ni Ichou mwenyewe. Alikuwa akipita kuelekea kwenye mahema ya wafugaji, alisema, akaiona pikipiki, na Hddou ameegemea gurudumu, ameshakwenda kwa Mola wake. Alilia mbele ya wanaume wote. Nilimshukuru.

Nikavaa nyeupe, nikaanza eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba. Waliniletea sukari kama desturi, mikate mirefu ya sukari iliyoganda, iliyofungwa karatasi ya buluu, hata Tuda akaipanga ukutani kama mabomu. Siku ya tatu walikuja wasomaji wa Kurani, na wanaume wakajaa uani. Tulipika kuskusi ya watu themanini. Wasomaji walisoma kwa kasi kana kwamba wamewasha gari nje. Dua ilipofika nusu, simu moja ililia, mtu akasoma ujumbe, akamnong'oneza jirani yake. Kabla bakuli hazijaondolewa ua ulikuwa mtupu. Nyama ilibaki. Katika maisha yangu sijawahi kuona nyama ikibaki matangani.

Sababu ilikuwa Ichou. Alikuwa amenyamaza. Mtu anayepiga kelele mkahawani tangu asubuhi sasa alikunywa chai yake kimya, akajaza dizeli, akaenda hamada na vijana wake, akarudi jioni akiwa hana la kusema. Katika mji wa wauza mawe hakuna tarumbeta kubwa kuliko kimya cha namna hiyo. Mawe ya mbinguni huanguka kwa ukoo. Ukilipata moja, ndugu zake wako karibu. Nani asiyejua? Basi walimfuata. Wiki ya pili watu mia walikuwa wakitembea kwa mstari pale alipofia mume wangu, vichwa chini, bega kwa bega, mwalimu wa hesabu, kinyozi, bwana harusi mmoja na baba mkwe wake.

Na Hddou akawa mtu mkubwa. Waliomwita Bwana Posta sasa walimwita Si Hddou, yaani Mheshimiwa, Mungu amrehemu, jicho lake lilikuwa la tai. Kinyozi alisema alijua tangu zamani. Wanawake ambao walishaleta sukari walirudi na sukari ya pili, wakakaa wakitazama Oujda na Marrakech. Mmoja, jina nalihifadhi kwa sababu ya watoto wake, aliinua mikono kusoma Fatiha, sumaku ikamtoka kwenye mkono wa vazi, ikanasa kwenye sinia langu la bati kwa mlio. Tulimaliza Fatiha. Akaibandua, akasema "Amina", akaomba chai nyingine.

Mimi nilijua kimoja tu. Ikiwa mji umeamini kwamba kuna jiwe, basi la tatu lipo, na Ichou analo. Nikamtuma Tuda.

"Mwambie alete jiwe la mume wangu."

Alirudi amekunja uso. "Anasema, jiwe gani? Anasema huzuni inakuchanganya." Akavua shuka la kichwani. "Lakini kama lipo, Itto, ni mali ya familia. Ndugu yangu hakuacha watoto."

"Juzi lilikuwa kokoto."

"Juzi sikujua."

"Mimi nalitaka hata likiwa kinyesi cha ngamia. Ndilo aliloniambia niweke chai kwa ajili yake."

Nikamtuma Tuda tena, na tena. Mara ya tano Ichou alijificha nyuma ya duka, akaonekana miguu. Mimi sikuweza kwenda. Mwanamke wa eda hafukuzi watu sokoni, na Ichou alilijua hilo vizuri.

Alikuja mwenyewe mwishoni mwa mwezi wa tatu wa eda, Ijumaa baada ya sala, na mkate wa sukari kwapani. Tuda alikaa kati yetu, kama inavyopasa. Ichou alikuwa amekonda. Aliweka sukari chini, kisha akatoa soksi, maana mawe ya thamani hapa husafiri ndani ya soksi, akaiweka juu ya sukari, akaniita kwa jina la heshima.

"Chukua, Lalla Itto. Nisamehe."

Lilikuwa jeusi lenye kutu, kubwa kama ngumi. Pembe moja ilikuwa imekatwa, na pale palipokatwa paling'aa kama kisu kipya.

"Nililipeleka kwa wataalamu ng'ambo," alisema. "Barua imerudi jana."

"Inasemaje?"

"Halina nikeli hata chembe, na chuma cha mbinguni hakikosi nikeli. Ni chuma cha watu. Tufe la kinu, lile la kusagia mawe, kutoka mgodi wa zamani wa madini ya risasi. Limevunjika, likalika, likatupwa huko."

Tuda ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka kwa kujishika mbavu, machozi yakitoka.

"Na mji mzima uko kule ukitafuta ndugu zake!"

"Wapo hata leo," alisema Ichou.

"Umewaambia?"

"Nikiwaambia, mkahawani nitaingiaje tena, Tuda? Mimi, Ichou? Nimedanganywa na tufe la kinu?"

"Hukudanganywa na tufe. Umedanganywa na karani wa posta!"

Mimi sikucheka. Nililishika jiwe. Lilikuwa zito kweli, kama alivyosema.

"Ulilitoa mfuko upi?" nikamuuliza.

"Mfuko... wa kulia."

"Hddou alitia mawe mfuko wa kushoto. Wa kulia ulitoboka mwezi wa Ramadhani, nami sikuushona. Ulipofika, alikuwa amekufa?"

"Wallahi, Lalla..."

"Usiape. Kula kiapo ni siku nyingine. Nijibu."

Tuda aliacha kucheka. Ichou akaiokota ile soksi tupu.

"Alikuwa amekaa," alisema. "Jasho linamtoka, mkono uko hapa kifuani. Aliponiona akainua jiwe. Akasema, Ichou, nipe maji, na ulitazame hili."

"Alisema lipi kwanza?"

"Jiwe. Alisema jiwe kwanza. Maji yalikuwa ya pili. Nilimpa chupa, Lalla, nilimpa. Akanywa kidogo. Kisha nikatoa kioo."

"Kile cha Mjerumani?"

"Kile."

"Kwa muda gani?"

"Sijui."

"Ichou."

"Muda wa sigara mbili. Labda tatu. Lilikuwa na vishimo kama alama za vidole, kama ya mbinguni, ningefanyaje? Nikalipiga tupa, nikaenda garini kuchukua taa, nikarudi nikachuchumaa. Nikamwambia, Hddou, hili si baya. Hakunijibu. Nilidhani anaringa."

Alijifuta uso kwa ile soksi. Tuda alisimama, akaingia jikoni, na tukasikia sufuria ikianguka, au ikitupwa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira tangu Jumanne ile. Nilikuwa nayo ya kutosha mji mzima, na sehemu kubwa niliiweka kwa ajili yake. Hospitali iko dakika arobaini kutoka pale kwa gari. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi, na kila mara huishia kwenye sigara mbili, labda tatu. Lakini swali lililonitoka halikuwa hilo.

"Alikuona ukitazama?"

"Macho yake yalikuwa kwangu. Muda wote."

"Kioo kilikuwa jichoni?"

"Jichoni."

"Hukucheka?"

"Sikucheka, Lalla Itto. Kwa nini nicheke? Nililiamini."

Nikamwambia aende, nikamwambia pia kwamba unga wangu umeisha, na kwamba kuuleta ni juu yake.

Barua ya wataalamu Ichou hajamwonyesha mtu mwingine. Alfajiri bado tunasikia pikapu zikielekea hamada, na kinyozi amefunga duka. Eda yangu imebaki siku kumi na saba. Hadi itakapokwisha, kila Ijumaa Ichou ananiletea unga kutoka kinuni, anauweka kizingitini na kutoa salamu, na Tuda haiitikii.