Jibu la Shamba la Dorah

Nyamongo bando ni ghali, na wachimbaji wanapenda kuuliza kuliko kula. Ndiyo maana Ashrafu, fundi simu, alipotuwekea programu ya Uliza Jirani kwenye simu tulimwona mkombozi. Ukitafuta jambo, simu yako inauliza kwanza simu za jirani. Kama kuna aliyekwisha kulitafuta, unapewa jibu lake lile lile, bure. Jibu linaloulizwa linaendelea kuishi na kujitokeza kwa kila mgeni anayeshuka hapa. Lisipoulizwa siku chache, linajifuta. Akili nyingi hizo!

Basi Simioni, mchimbaji mmoja, akaokota jiwe linalong'aa kule Kemambo, kwenye mihogo ya Dorah, mjane wa Ogola. Hata hajalipima, akaandika humo: dhahabu imetoka shamba la Dorah. Kumbe jiwe tupu. Simioni, muungwana, akaandika na hilo. Lakini nani Nyamongo anauliza dhahabu haiko wapi? Sahihisho likafa bila kuulizwa na mtu.

Watu wakaja na sululu. Waling'oa mihogo michanga, wakaanza kusogelea kaburi la Ogola. Dorah akapanda bodaboda hadi kwa Ashrafu. Nilikuwepo, nachajisha simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Futa hilo jibu lako, Ashrafu! Watamfukua baba watoto!"

"Kwangu nimefuta, mama. Limebaki kwenye simu za watu. Na wenyeji hawaliulizi tena, wote wamehamia uvumi wa dhahabu kule Nyambureti. Lilitakiwa liwe limekufa."

"Halijafa. Hata leo asubuhi nimeuliza, lipo."

"Na jana?"

"Nauliza kila asubuhi. Si naangalia kama limeondoka?"

Ashrafu alikuna kichwa. "Mama, basi ni wewe unayelifufua. Usiliulize tena, litajifuta lenyewe."

"Nyasaye, Mungu wangu!" Dorah akaiweka simu yake mezani kwa Ashrafu kama kitu cha moto, akaondoka bila kuaga. Mimi nilicheka, halafu nikaona aibu.

Alivumilia. Wageni wakapungua, sululu zikanyamaza. Jioni ya mwisho, jibu likiwa limebakiza usiku mmoja tu, roho ikamshinda. Akamwita jirani yake Dorka.

"Hebu niangalizie kama limeondoka. Mimi nimekatazwa."

Dorka, mwenye huruma, akauliza.

Kesho yake wageni walishuka wengi. Mihogo ilikuwa imeshaisha, wakaanzia kaburini.