Kitambaa cha Shangazi Kapinga

Kazi aliyonipa Victorine ilikuwa ya kinywa tu, na kinywa ninacho, mtaa mzima unajua.

"Mama Francine," aliniambia Jumamosi, "ambia watu kesho asipande muntu jukwaani. Asinipanguse jasho, asinibandike noti za pesa kwenye paji. Nitapiga piano na kuongoza kwaya pamoja, mikono haitakuwa na nafasi. Kwaya itaangalia kichwa changu tu. Nikikiinamisha, njo hapo wanaingia."

"Na jasho likikuingia machoni?"

"Liingie, mama."

Hakucheka. Victorine tulimwona akianzia kwenye kinanda cha parokia, akaenda kupiga Kinshasa mpaka Brussels, mbele ya watu wanaokaa kimya kama wako kwenye maziko. Sasa orkestra moja ya Lubumbashi ilitafuta mtu wa kupiga na kuongoza kwa wakati mmoja. Walibaki wawili, yeye na kijana wa Kinshasa. Papa Edmond wa orkestra hiyo alitumwa aje kumsikiliza hapa kwetu, Jumapili hiyo. "Hii ikinipita," alisema, "nitafundisha watoto do-re-mi mpaka nizeeke." Ana miaka arobaini na moja.

Basi nikazunguka. Sokoni, bandarini, kwa mama wa mikate. Kila mtu nilimwambia, na kila mtu akaja. Jumapili saa tisa mchana ukumbi wa parokia ulijaa mpaka madirishani, bati la paa linawaka, na mimi nimebanwa nyuma kabisa.

Victorine alianza vizuri. Papa Edmond, mstari wa mbele, kalamu mkononi.

Hapo mlango ukafunguka. Shangazi Kapinga, dada ya marehemu baba yake Victorine, kutoka Kongolo! Treni ilichelewa siku mbili, tukasema haji tena. Begi bado mkononi. Watu wakampisha mpaka mbele, kwani shangazi atakaa wapi?

Nikahesabu haraka watu niliowaambia. Yeye hakuwemo.

"Mwambieni asisimame!" nikanong'ona.

"Mama Francine, hata leo?" Cédrick katekista akanikaripia. "Nyamaza!"

Sauti ya piano ilikuwa imeshuka chini, inaongea peke yake. Wanakwaya arobaini wamekodoa macho kwenye kichwa cha Victorine, wakisubiri. Jasho linamchuruzika. Shangazi akaliona. Akafungua begi, akatoa kitambaa cheupe, akapanda.

Mtoto akikupa sifa hukai kitini, ndivyo tulivyolelewa. Siku nyingine ningekuwa wa pili nyuma yake.

Akamfunika uso mzima. Kichwa kikapotea. Halafu mkono wa shangazi ukapanda na kitambaa, ukashuka kupangusa shingo. Kwaya ile miaka kumi na mitano imeongozwa na mkono wa Papa Télesphore, mwalimu wao wa nyimbo. Ikaona mkono umepanda, mkono umeshuka. Wote arobaini wakaingia, kwa sauti kubwa, wakati piano haijamaliza maneno yake.

Nilifumba macho. Nikangoja piano inyamaze.

Haikunyamaza. Mikono ya Victorine iliruka, ikaacha kipande kizima nyuma, ikaidaka kwaya kama mtu anayedandia behewa linaloondoka. Shangazi bado anapangusa. Watu wakapiga vigelegele, hawakujua lolote. Kalamu ya Papa Edmond iliandika kitu, ikakata, ikaandika tena.

Mwisho wa yote Papa Edmond alimwita Victorine pembeni. Nami nikasogea kupanga viti ambavyo havikuhitaji kupangwa.

"Umeruka kipande."

"Ndiyo, papa." Mikono akaificha nyuma.

"Ulikuwa unaona kitu?"

"Kitambaa tu."

Papa Edmond akakunja karatasi yake polepole, mpaka nikataka kumnyang'anya.

"Tarehe kumi na mbili uwe Lubumbashi. Lakini yule mama abaki Kongolo."

"Nibaki Kongolo?" Shangazi Kapinga alikuwa nyuma yangu, kitambaa kimelowa. "Na mutoto atapanguswa na nani?"

Victorine aliniangalia mimi, si yeye: kazi ya kinywa ilikuwa yangu. Nikarudi kwenye viti vyangu.